Nalipia Spidi Nisiyoijua

Watu wa bima wana imani moja: kijana akishika usukani wa gari la milango miwili, jua halizami bila mtu kuumia. Imani hiyo hawaihubiri msikitini wala kanisani. Wanaiandika kwenye ankara, na anayeilipa ni mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Celica nyekundu, iliyokuwa ya mjomba wangu aliyeishi Brussels mpaka baridi ikamshinda. Kwetu Rwanda kuingiza gari la usukani wa kulia kulipigwa marufuku mwaka 2005. Ndiyo maana vijana wa Dar es Salaam na Kampala wanaringa na Subaru za Japani, sisi tunasubiri wajomba wachoke na Ulaya. Injini yake ni ya cc 1,800, ndogo kuliko ya Hilux yoyote inayopita hapa Kamembe imesheheni ndizi. Lakini wakala wa bima hatazami injini. Anatazama sura, na Celica imeinama mbele kama mtu anayesubiri filimbi ya mbio.

Wakala wangu ni mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kamba. Alilizunguka gari polepole, akaweka kiganja kwenye kioo cha dereva ili achungulie ndani, akasoma dashibodi mpaka akafika kwenye namba ya mwisho: 240. Akageuka.

"Kijana wangu, una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne, mama."

"Na permi ya kuendesha umeipata lini?"

"Mwaka jana, mama."

Akashusha pumzi ya mtu aliyeletewa habari za msiba. "Umeoa?"

"Bado, mama."

"Oa. Bei haitapungua, lakini utatulia."

Bima ndogo, ile ya lazima inayomlipa mtu niliyemgonga, sina ugomvi nayo. Barabarani kuna mamotari wa pikipiki, kuna watoto wa shule, kuna baiskeli zilizobeba mzigo mrefu kuliko barabara. Aliyeumizwa lazima alipwe. Niliponyanyua kidole nikauliza bima kubwa, inayolipa hata Celica yenyewe ikiumia, mama akabonyeza kikokotoo, akakifuta, akabonyeza tena, halafu akanigeuzia nisome mwenyewe. Hakutaka kuitamka bei. Kwa fedha ile ningenunua ng'ombe wa maziwa, nikabaki na nauli ya kumpeleka kijijini. Na si hayo tu. Kwa kuwa mimi ni kijana, ajali ikitokea sehemu ya kwanza ya gharama inatoka mfukoni mwangu. Yaani nawalipa ili wanilipe, na siku ya kulipwa naanza kujilipa.

Sasa naomba mtu anioneshe hizo 240 nitazikimbilia wapi. Kutoka Kamembe kuna njia chache, na zote nazijua.

Ukishuka kwenda mpaka wa Rusizi I, ni kona juu ya kona, na katikati wamejaa wafanyabiashara wa Bukavu, Kongo, na mizigo kichwani. Ukivuka daraja unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka inayofanya kazi tangu 1987, na hiyo nayo inalipiwa. Upande wa pili mashimo yanakusubiri. Celica ina tumbo la chini, kwa hiyo Bukavu naendesha huku nimefumba jicho moja, nikisikiliza chuma kinavyolia.

Ukielekea Bugarama, utamkuta mbele yako lori la saruji. Lori hilo halina haraka, wala halina mpango wa kuwa na haraka.

Ukielekea Kigali, unaingia msitu wa Nyungwe. Ukungu, kona, miteremko, na nyani waliokaa pembeni ya lami wanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeingia bila kulipa. Ukitoka msituni unakutana na Sofia, zile kamera za spidi ambazo wananchi wamezipa jina la roboti Sophia aliyekuja Kigali mwaka 2019. Yule roboti angalau alivaa mushanana, vazi letu la asili, akasalimia watu. Hizi hazisalimii. Zinapiga picha, na ujumbe wa faini unatua kwenye simu kabla hujafika Huye. Tangu Celica ije Rwanda, mshale wake haujui kuna nini mbele ya 80. Mimi nalipia spidi ya Ujerumani kwenye barabara ya mlima.

Mama wa bima ananijibu kwa utaratibu kwamba vijana ndio wanaokufa barabarani. Hapo hasemi uongo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Anaongeza kwamba kampuni nazo zilikuwa zinapata hasara kwenye magari, ndiyo maana Januari 2018 bei zilipanda nchi nzima. Nami namkumbusha kwamba nchi hii ina mfuko maalumu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, unaowalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima na pia wakulima walioharibiwa mazao na wanyama wa mbuga, na kwamba kampuni za bima za magari zinauchangia. Kwa hiyo nyani wa Nyungwe akivuna mahindi ya mtu, mkono wa Celica yangu umo. Yule nyani hajaulizwa umri wala kama ameoa.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi si ukubwa wa bei. Ni kwamba haina mlango wa kutokea. Binamu yangu yuko Lyon, na huko Ufaransa dereva mpya naye anakamuliwa: kampuni inaruhusiwa kumwongezea hadi asilimia 100. Lakini mwaka ukipita bila kusababisha ajali, nyongeza inashuka hadi 50, unaofuata 25, kisha inakwisha. Na dereva asiye na ajali anaendelea kupunguziwa kila mwaka, mpaka baada ya miaka 13 analipa nusu ya bei ya kawaida. Ni adhabu, lakini ina tarehe ya kwisha.

Nilimweleza mama hayo yote, kisha nikamuuliza: nikimaliza mwaka mzima bila hata mkwaruzo, itakuwaje?

"Tutamshukuru Mungu," akasema.

"Na bei, mama?"

"Bei itabaki, kijana wangu."

Basi wakubwa wa kampuni za bima, tuhesabuni kwa tunavyoendesha, si kwa idadi ya milango. Rekodi za faini polisi wanazo, na rekodi za ajali mnazo wenyewe. Anayekimbia mpandishieni mpaka aone nyota. Asiyekimbia mpunguzieni, hata kidogo, ili ajue kwamba adabu yake imeonekana.

Na wewe kijana unayepiga mahesabu ya gari la mjomba: uliza kwanza bei ya bima, halafu ndipo uulize bei ya gari. Ukiona hesabu zinagoma, pikipiki ya kwenda sokoni bado ipo.