Maombi ya Tundu la Pili: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kamera

Kwa Chama cha Watengenezaji wa Kamera na Vifaa vya Picha (CIPA), Tokyo, Japani.

YAH: MAOMBI YA KAMERA NDOGO YA KAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwombaji ni mpiga picha wa harusi na habari, mwenye akili timamu. Anawasalimu kwa heshima zote na kuwapongeza kwa hekima yenu ya kupima utaalamu kwa mizani. Nikon Z9, ikiwa na betri na kadi, ina gramu 1,340 kabla ya kuvishwa lenzi. Canon EOS-1D X Mark III inafika gramu 1,440. Baba wa bibi harusi akiona mtu ametundika chuma hicho shingoni, anatulia. Pesa yake imeonekana.

Haki yenu mpewe. Anayepiga picha za mpira, amekaa nyuma ya goli na lenzi ya milimita 400, anahitaji bodi kubwa ya kushika na betri ya kumfikisha dakika za nyongeza. Joto la video ya 8K nalo lazima lipate pa kutokea. Ila mwombaji hajaomba video.

Wala hajaomba muujiza. Mwaka 1972 Yoshihisa Maitani wa Olympus alitoa kamera ya kazi yenye gramu 510 hivi, akaiita M-1. Leitz, wenye Leica, wakalalamika kuwa herufi M ni yao, ikabatizwa upya OM-1. Jina lililalamikiwa, udogo, hapana. Miaka 10 baadaye ikaja Nikon FM2: gramu 540, shata ya sekunde 1/4000, inayofyatuka hata betri ikifa. Ndiyo aliyoishika Steve McCurry mwaka 1984 alipompiga picha msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi Pakistani, picha iliyopamba jalada la National Geographic mwaka uliofuata. Hakuna aliyemuuliza mbona kakamera kenyewe kadogo.

Tangu hapo mmeendelea sana, na kila mkipunguza ukubwa mnapunguza na kitu kingine. Sigma fp ya mwaka 2019 ina gramu 422, lakini haina tundu la kuchungulia wala shata ya mitambo. Panasonic S9 ya mwaka 2024 ikaiga yote mawili. Jua la saa saba mchana likiwaka juu ya skrini, mpiga picha anabaki kubahatisha. Akiingia ukumbini, shata ya umeme inasoma sensa mstari baada ya mstari huku taa za LED zikipepesa, na keki inatoka na michirizi ambayo mwokaji hakuiweka.

Halafu kuna suala la kadi, na hapa mwombaji anaomba mvumilivu mmoja asome polepole. Kadi hufa. Hufa bila taarifa, na mara nyingi hufa ikiwa na picha. Sheikh hawezi kuombwa aozeshe tena, wala padri kumrudisha bwana harusi kwenye lile neno lake la "nakubali". Ndiyo maana mtu wa kazi huandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Sony A7C II ya mwaka 2023 ina gramu 514 na tundu moja la kadi. Anayetaka la pili anaelekezwa kwa ndugu yake mkubwa, A7 IV, yenye megapikseli zilezile 33 na gramu 658. Kwa hesabu zenu, basi, tundu moja lina uzito wa gramu 144. Kadi yenyewe ya SD ina gramu 2 hivi.

Msije mkasema nafasi haitoshi. Fujifilm X-T5 ya mwaka 2022 ina gramu 557, matundu mawili, shata ya mitambo na pa kuchungulia. Sensa yake tu ndiyo ndogo kuliko filamu ya milimita 35. Wajerumani nao, kwenye Leica M11, waliweka hifadhi ya GB 64 ndani ya bodi ili picha ikae mahali pawili. Ina sensa kamili, na bei yake ilianzia karibu dola 9,000. Kufokasi ni kwa mkono, kwa hiyo inafaa zaidi harusi ambazo maharusi hawachezi muziki.

Takwimu zenu wenyewe zinaonyesha kamera za dijiti zaidi ya milioni 120 ziliuzwa na viwanda mwaka 2010, na chini ya milioni 8 mwaka 2023. Waliokuwa wakipiga keki za watoto wamehamia kwenye simu. Miongoni mwa waliobaki wapo ambao picha ndiyo ugali wao, na hao ndio mnaowauzia tundu kwa gramu 144.

Mwombaji yuko tayari kurudisha skrini inayogeuka, vichujio vya rangi, na kile kitufe chekundu cha video ambacho hubonyea chenyewe ndani ya begi. Bei ataitafuta.

Wenu katika ujenzi wa taifa (la Japani),

Mwombaji

Nakala: Fujifilm, ili wawaazime wenzao mchoro.