Mpangaji Mwenye Nyumba Yake
Kobe mchanga wa kufugwa Uingereza, ingawa kaja na nyumba mgongoni, hujengewa ya pili. Tena si kibanda: ni meza ya mbao yenye kingo, udongo wa kujifukia, kisahani cha maji, na taa ya kuota joto, nyuzi 32 hivi chini yake, upande mmoja, ili mheshimiwa akizidiwa ahamie kwenye ubaridi. Tangi la kioo halitaki. Mchana kutwa atakwaruza ukuta asiouona. Taa ya UVB nayo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa ingali inawaka, maana miale yake ya urujuanimno huisha kabla ya mwanga. Katika chumba cha pili, mpangaji wa miguu miwili kavaa koti ndani, anangoja hita itengenezwe. Ndugu, omba nafasi mezani.