Pikipiki Isiyo na Keria

Kwetu Mwankoko, Singida, hatuulizi pikipiki inakimbia kiasi gani. Tunauliza inabeba nini. Mwenye Boxer akitaka kuisifu Boxer yake atakusimulia ilivyotoka shambani na magunia mawili ya alizeti, mkewe juu ya magunia, na mtoto mgongoni mwa mkewe. Spidi haitajwi. Mchanga wetu umeshawanyoosha wengi waliokuwa na haraka.

Sasa fikiria nilivyopokewa kijiweni niliposema natafuta pikipiki ya mtumba, ya resi, tena ya Kitaliano. Picha nilikuwa nayo kwenye simu: Ducati 916, nyekundu, iko Dar es Salaam, na chini yake dalali ameandika, "Imetumika kidogo, ilikuwa ya daktari." Nchi hii kila chombo cha mtumba kilikuwa cha daktari. Ingekuwa kweli, wodini pasingebaki mtu. Wote wangekuwa barabarani wakitumia kidogo kidogo.

Mwenyekiti wa kijiwe akaipokea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Keria iko wapi?"

"Haina."

"Abiria anakaa wapi?"

"Hii ni ya kiti kimoja."

Nikaona nijitetee kwa historia. Nikawaambia aliyeichora ni Massimo Tamburini, kwamba ilitoka mwaka 1994, na kwamba mwaka huohuo Mwingereza Carl Fogarty aliipa ubingwa wa dunia wa Superbike. Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "huyo Tamburini, mkewe alikuwa anaenda sokoni kwa miguu?"

Kicheko kilichofuata kilimwamsha fundi, aliyekuwa amelala kwenye benchi kivulini. Nilishukuru, nikijua huyu angalau ataongea kitaalamu. Nikamchezea video ambayo dalali alinitumia, pikipiki ikiwa imewashwa na imesimama. Fundi akaweka simu sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Injini imekufa hii. Beringi zote zimeisha. Sikia zinavyolia."

Nikamweleza kwamba huo ni mlio wa klachi. Klachi ya Boxer inaogelea kwenye oili, kwa hiyo imenyamaza. Ya 916 imekaa kavu, na ukivuta mkono wake sahani zinagongana, zinapiga kelele. Wenyewe wanaipenda kelele hiyo. Wapo wanaotoboa au kukata kifuniko ili isikike zaidi.

"Wanalipa ili ilie?" Fundi aliumia kweli. "Mimi nimekula miaka yote kwa kunyamazisha."

Mambo ya valvu ndiyo yaliyomfanya akae kitako. Kwenye pikipiki anazozijua yeye, valvu inafunguliwa na kamu na kufungwa na springi, basi. Fabio Taglioni, injinia wa Ducati, aliona springi haziaminiki injini ikizunguka kwa kasi mno, akawaletea Ducati mtindo ambao kila valvu ina mkono wa kuifungua na mkono mwingine wa kuifunga. Nusu karne baadaye Ducati bado walikuwa wanaung'ang'ania. Ile 916 ina silinda mbili na valvu nane, kwa hiyo piga hesabu ya mikono, na yote inatakiwa kupimwa na kurekebishwa kila baada ya kilomita elfu kumi hivi, kwa vipande vidogo vya chuma vinavyotofautiana unene kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kilomita hizo bodaboda wetu anazimaliza kabla hajamaliza mkopo wa pikipiki yenyewe. Tena kuna mikanda miwili ya mpira inayozungusha kamu, ambayo inabadilishwa kila miaka miwili hata kama pikipiki haijatoka uani.

"Yaani inazeeka imelala?" mmoja akauliza.

"Hata wewe unazeeka umelala," mwenyekiti akamjibu, akimwangalia fundi.

Kuhusu stendi sikutaka kusema chochote, lakini waliniuliza. Mwankoko hakuna anayeegesha bila kutafuta kwanza jiwe bapa au kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi, maana mchanga unameza. Stendi ya 916 ina springi inayoirudisha yenyewe mara tu uzito unapoiachia. Ukiisukuma kidogo mbele, yenyewe inajikunja, na kilo karibu mia mbili za Kitaliano zinalala chini. Ekzosi zake ziko chini ya kiti, zinamchoma mpandaji mahali ambapo jua la Singida la mwezi wa kumi lilikuwa bado halijafika. Na mafuta? Injini inayobana kwa uwiano wa 11 kwa 1 hatutainywesha petroli ya chupa ya maji, inayouzwa kwenye kimeza huku mtoto wa muuzaji akiichezea.

Karata yangu ya mwisho ilikuwa mjomba. Mjomba ana Vespa ya zamani, imeegemea ghala la alizeti, na huwa haruhusu kuku alale juu yake. Nikasema: mnaicheka Italia, na Vespa ya mjomba je? Ilianza kutengenezwa na Piaggio kule Pontedera mwaka 1946, ikachorwa na Corradino D'Ascanio, mtu wa ndege na helikopta ambaye pikipiki hata hakuzipenda. Ndiyo maana akaifunika injini, mwenye kanzu asichafuke. Zanzibar mpaka leo Vespa zinakatiza mitaani. Na si Vespa tu. Bajaj ya India, miaka ya 1960, ilikuwa inatengeneza Vespa kwa leseni ya hao Piaggio, ikaendelea na hizi za miguu mitatu, ambazo nazo Piaggio walishatengeneza ya kwao tangu 1948. Na Boxer mnazokalia sasa hivi anatengeneza nani? Bajaj huyohuyo. Nyote hapa mnaendesha wajukuu wa Mtaliano!

Kijiwe kilikaa kimya. Nikajua nimeshinda.

"Kumbe tunaye tayari," mwenyekiti akasema. "Tena aliyekwisha kufundishwa kubeba. Wewe unataka mwingine wa nini?"

Mjomba, naye akiwa palepale kijiweni, alikubali kwa kichwa. Huyo ndiye niliyemtegemea.

Shangazi alifika wakati huo na tenga lake la kuku, akitafuta usafiri wa kwenda stendi ya Misuna kuwahi mabasi. Akaelezwa habari yote kwa mpigo, na kila mtu akiongeza yake. Hakucheka. Akaomba namba ya dalali, akapiga palepale kwa simu yangu, sauti ikawekwa wazi.

"Hujambo baba? Ile pikipiki yako nyekundu nimeiona, ni nzuri. Tenga la kuku litakaa?"

Dalali alichukua muda. "Mama, ile ni ya mashindano."

"Na mimi nashindana, baba. Basi likiingia Misuna wenzangu wanakuwa wameshafika madirishani. Mimi nahitaji kitu kinachokimbia."

Simu ikakatika. Tukadhani amekasirika. Kumbe mwenzetu ana siku nyingi hajauza. Kabla shangazi hajapata wa kumpeleka, ujumbe ukaingia: "Mwambie mama keria inachomelewa. Bei tunaongea."

Fundi akasogea, akanyoosha shingo kusoma.

"Fremu yake ni ya nini?"

"Mabomba ya chuma," nikamjibu.

"Chuma?" Akainuka, akakung'uta suruali. "Sasa si ungesema hilo tangu mwanzo."