Maili za Kioo na Maili za Barabara

Minneapolis, Januari

Mjomba, na jamaa wote wa Migori na Homa Bay,

Huku baridi haina adabu.

Mjomba, wewe dereva wa matatu uliuliza kama gari la umeme lina geji. Linazo mbili, kwenye kioo kimoja. Ya kwanza ni asilimia ya chaji: kompyuta hupima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Ya pili ni maili zilizobaki, na hiyo ni ramli. Hutazama ulivyoendesha majuzi, kisha hubashiri. Ni yule mzee wa njiani ukimwuliza Rongo ni wapi: “Hapo mbele tu!”

Jana nje palikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Nawasha gari: maili 180. Nawasha hita: 120. Na getini sijafika! Shemeji yenu akaamuru hita izimwe. Basi tukaenda kanisani tumevaa makoti, glavu na blanketi, ndani ya gari ambalo mkopo wake bado tunalipa. Mchungaji akadhani tumetembea.

Gari la petroli hujipasha joto bure, kwa moto wa injini. Hili la umeme, hita yake hula betri ileile inayoliendesha, na betri yenyewe ikipigwa na baridi hulegea. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari ya umeme kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwaka: umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41.

Kwenu baridi hiyo hakuna, lakini milima ipo. Ukiteremka kutoka Rongo kuelekea ziwani Homa Bay, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo, nacho kioo huanza kujisifu. Usimpigie mtu simu kumringia. Kupanda wakati wa kurudi kutadai umeme huo wote, na riba juu.

Nasikia vituo vya sola vya kampuni ya WeTu, vinavyochaji taa za wavuvi wa omena, vimeingia pia kwenye pikipiki za umeme. Vyema. Muuzaji yeyote wa pikipiki hizo akikutajia kilomita, mwulize: ni kwa abiria wangapi, na gunia la omena limo? Ukishanunua, tazama asilimia. Kilomita mwachie muuzaji.