Si Yuko Nyumbani Tu?

Msyuuu! Niacheni nisonye kwanza, kahawa itapoa nikiwa na donge kooni. Jana hapahapa kijiweni mtu kasema shemeji yetu anayesoma chuo kwa simu anasoma kirahisi: "Si yuko nyumbani tu?" Na mumewe akaitikia! Jamani, nyumbani ndiko kwenye kazi.

Hebu tupige hesabu. Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. Mwaka wenye krediti 120 una saa 1,200. Zigawe kwa mihula miwili ya wiki 15, unapata saa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira, wazee wangu, na haipungui hata dakika kwa sababu mtu kakaa sebuleni.

Anayekwenda darasani analindiwa muda. Akishavuka geti, hakuna wa kumtuma sokoni. Akikwama ananyoosha mkono, anajibiwa palepale. Huyu wa mtandaoni swali analiandika, kisha anangoja, pengine mpaka kesho. Mjadala ambao darasani wangeumaliza kwa nusu saa, yeye anasoma kwanza maandishi ya wenzake, ndipo atunge jibu lake lenye kichwa na miguu. Bando la mchana linamfilisi, anavizia la usiku. Umeme ukikatika somo likiwa katikati, mnh, usiku umeharibika. Na kazi inafungwa saa 5:59 usiku, umeuguliwa hujauguliwa.

Nauli ya daladala anaokoa, foleni haimhusu, hilo nakubali. Na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kimewapa shahada watu ambao wasingeweza kuacha kazi na watoto wakakae bwenini. Ni jambo kubwa, wala silibezi. Lakini saa walizosomea walizikata kwenye usingizi wao. Kama nyumba nzima ingewapunguzia kidogo, wasingesoma macho yakiwa mekundu.

Wewe kaka uliyeitikia jana, nasema nawe. Leo ukirudi ukamkuta na hedifoni masikioni, usimwulize chumvi iko wapi. Jikoni unakujua. Mpe saa zake mbili, na mtoto mlaze wewe.