Jinsi ya Kulipiga Ziwa Picha Bila Kulimwaga

Kwanza nyoosha upeo. Picha nyingi zinazopigwa Kayanzi, mwalo wetu wa Nyakiyumbu, wilayani Kasese, Uganda, kwenye Ziwa Edward, zimeinama, na maji yote yanaonekana yako safarini kwenda Kongo. Kongo tayari ina sehemu kubwa ya ziwa hili, haihitaji msaada wako. Washa gridi ya simu, ulaze mstari wa maji juu ya mstari mmojawapo. Mawingu yakiwa mazuri kuliko ziwa, shusha upeo chini uyape nafasi. Ziwa likiwa na mambo, upandishe juu.

Sasa weka kitu mbele. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 2,300 likiingia kwenye simu peke yake linageuka kibati cha kijivu. Tafuta omo la mtumbwi, nyavu zilizoanikwa au matete, kisha chuchumaa hadi kitu hicho kiwe kikubwa na maji yatandazwe nyuma yake. Kabla ya kuchuchumaa, angalia kiboko yuko wapi. Alfajiri hurudi kutoka malishoni, na usipatikane umesimama kati yake na maji kwa ajili ya picha yoyote.

Amka mapema hata hivyo. Hapa Ikweta jua hupanda wima. Likichomoza karibu saa moja, kufika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali na maji yamepoteza sura. Tena asubuhi ndiyo nafasi yako ya kugeuka ulipe ziwa mgongo na kuiona milima ya Rwenzori kabla mawingu hayajaifunika. Vittorio Sella, Mwitaliano aliyeipiga picha milima hiyo mwaka 1906, alipanda na kamera ambazo hakuna mfuko ambao ungezimeza. Wewe yako ni nyepesi, basi subiri kidogo.

Jambo linaloniuma ni watu kufutwa pichani. Mgeni anafika Mto Lhubiriha, anasogeza kamera kushoto, kulia, mpaka jerikeni za manjano, bodaboda inayooshwa na mama anayefua vyote vitoke nje ya fremu. Anabaki na mawe na maji ambayo yangeweza kuwa ya nchi yoyote. Rudisha jerikeni! Rangi yake ya manjano inashika jicho papo hapo, na ukubwa wake unamwambia mtazamaji mto ni mpana kiasi gani. Mwenye jerikeni msalimie kwanza: "Habari ya kazi, mama? Naomba nikupige picha." Akikataa, mshukuru uendelee na mawe yako. Wanaooga usiwaguse kabisa, na ukifika daraja la mpakani Mpondwe, kamera ibaki mkobani mpaka maofisa wakuruhusu.

Ukitaka maji yaonekane yakitiririka kama kitambaa, egemeza kamera juu ya jiwe, ufungue shata robo sekunde hivi, ushushe pumzi.

Mwisho, usiyapake maji bluu. Mvua ikinyesha milimani, mito yetu hushuka na udongo, ikiwa ya kahawia. Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Picha ya mto wa Kasese wakati wa mvua, iliyosafishwa kwa programu mpaka ikang'aa kama bwawa la hoteli, inawanyima watu wa bondeni ushahidi wa kilichowapata.