Barabara ya Kwenda Remba

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: OMBI LA KUONYESHWA BARABARA

Salamu nyingi kutoka Dunga, Kisumu, ambako mnakumbukwa kila tarehe 14 ya mwezi. Jioni hiyo madereva wa tuktuk kutoka Kondele hadi Nyalenda huacha kubishania timu ya Gor Mahia na kuinamia simu. Tangazo lenu likitoka na bei ya mafuta imepanda, mwenye mia tatu mfukoni hukimbilia kituoni kabla ya saa sita usiku. Asiye nazo hubaki akiwasifu waliokimbia. Sijui shughuli nyingine ya serikali inayohudhuriwa hivi bila watu kusombwa kwa mabasi.

Siandiki kulalamikia bei. Wamelalamika wenye sauti kubwa kuliko yangu, na majibu walipata. Mnamo Septemba 2023 waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, aliwashauri wapiga kelele wachimbe visima vyao wenyewe vya mafuta. Sisi watu wa ziwani ni watiifu, lakini hapa kwetu ukichimba kidogo unapata maji, na ukizidisha unapata maji zaidi. Mafuta ya Kenya yalichagua kulala Turkana, karibu na ziwa jingine kabisa. Yaligunduliwa 2012 katika kisima cha Ngamia 1, shehena ya kwanza ikapelekwa ng'ambo 2019, nasi tukaendelea kununua ya Ghuba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ninachotaka ni barabara, Mheshimiwa. Niliilipia.

Nieleze. Mvuvi wa mbuta huondoka ufuoni kwa boti la mbao lenye injini ya petroli nyuma na jerikeni miguuni pa nahodha. Petroli hiyo imenunuliwa kwenye pampu ileile anapojaza mwenye Prado. Ndani ya kila lita mna Tozo ya Matengenezo ya Barabara: ilikuwa shilingi 18, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Boti halijawahi kukanyaga lami. Halina magurudumu. Kutoka Dunga hadi kisiwa cha Remba hakuna tuta, hakuna mzunguko, hakuna hata askari wa trafiki wa kusalimiwa kwa mkono. Mashimo ya njia yetu ni ya kijani: yale magugu maji yanayoziba Ghuba ya Winam kila yanapojisikia, yakajisokota kwenye rafadha hadi injini ikanguruma papo hapo, ikiunguza petroli bila kusogea. Kwa hiyo magugu yakizidi, tunanunua petroli zaidi, na tukinunua zaidi, tunatengeneza barabara zaidi. Huenda magugu haya ndiyo mchangiaji mkubwa wa lami katika eneo zima la Nyanza, na hakuna aliyewahi kuyashukuru.

Kuna pia Tozo ya Maendeleo ya Reli. Tunaiheshimu. Reli mpya ilifika Naivasha 2019, ikapumzika, nasi Kisumu tukaendelea kuilipia ikiwa mapumzikoni. Nilifurahi kugundua kwamba katika orodha yenu ya mwaka 2023 ilikuwemo hata tozo ya mambo ya meli. Nikasema, hapa sasa tumetambuliwa! Nikaangalia kiasi: senti 3 kwa lita. Basi kati ya tozo zote, ile pekee inayojua kwamba duniani kuna vyombo vya majini ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Yenu wenyewe, ya kuwawezesha kutudhibiti, ilikuwa senti 25. Bei hiyo sipingi. Mtu anayekupasha habari mbaya kila mwezi bila kukosa anastahili robo shilingi.

Najua mtakachojibu, maana kimo katika kila tangazo: gharama ya kuyafikisha mafuta Mombasa, dola, soko la dunia. Ni kweli, na siwezi kubishana na Ghuba ya Uajemi nikiwa katika Ghuba ya Winam. Lakini hebu tuirudie Oktoba 2023, lita ya petroli ilipofika shilingi 217.36 Nairobi nasi huku hatukuwa mbali. Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyopandishwa hadi asilimia 16 Julai mwaka huohuo kutoka 8, ilikuwa karibu shilingi 30. Ushuru wa bidhaa, shilingi 21.95. Barabara, 18. Tozo ya Maendeleo ya Petroli, shilingi 5.40, ambayo hukusanywa, pamoja na mengine, ili bei ikipanda sana tupunguziwe, yaani mnatutoza ili mtuhurumie. Hizo nne tu zinapita shilingi 75, zaidi ya theluthi ya bei, na hakuna hata moja iliyotoka Uarabuni. Zote zimezaliwa Nairobi.

Kisha dola, iliyokuwa imekaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, ikateremka hadi kama 130. Bei ikashuka pia, na Oktoba 2024 ikawa shilingi 180.66. Tunashukuru. Ila katikati ya mteremko huo ndipo tozo ya barabara ilipopandishwa shilingi 7. Wa mbali walipolegeza kamba, wa nyumbani wakaivuta. Nauli ya tuktuk, kwa upande wake, haikusikia habari za kushuka. Huwa inasikia kwa sikio moja tu.

Nina jambo jingine dogo kuhusu ukarimu. Mwaka 2023 serikali iliingia mkataba na kampuni za mafuta za Ghuba, Aramco, ADNOC na ENOC, mafuta yakawa yanaletwa kwa mkopo wa siku 180. Nusu mwaka! Mimi kwenye pampu sipewi hata nusu dakika; bomba halijarudishwa mahali pake na kijana ameshanyoosha mkono. Anayenikopesha ni mama wa samaki wa kukaanga pale ufuoni, naye mwisho wake ni jioni. Ningeomba mniunganishe na hao mabwana wa Abu Dhabi moja kwa moja.

Wavuvi wa omena wanawasalimu pia. Wao huvua usiku usio na mwezi, kwa taa, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa za karabai. Iligunduliwa kwamba kuna wajanja wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli, na mwaka 2018 dawa ikapatikana: tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Wajanja walikosa, taa ikaadhibiwa. Wengi sasa wamehamia taa za sola. Nawaomba msiliangalie jua kwa macho hayo.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mnafahamu vizuri kuwa ziwa hupitwa kwa maji. Kampuni ya Bomba la Mafuta ilijenga gati la mafuta hapahapa Kisumu, likakamilika 2018, ili mafuta yavuke kwa meli kwenda Uganda. Mafuta hayo ya safari hayatozwi barabara zetu, na ni haki, yanakwenda nchi nyingine. Lakini mvuvi anayepisha meli hiyo kwa boti lake amelipia lami kwa kila lita iliyomsogeza kando.

Kwa hiyo chagueni. Ama mtuonyeshe kwenye ramani barabara ya kwenda Remba, ama mwondoe shilingi 25 kwenye petroli inayoingia botini. Mtasema ni vigumu kutofautisha jerikeni ya mvuvi na ya mwenye Prado. Ninyi mlioweza kutenganisha senti 3 za meli ndani ya lita moja, hamtashindwa na jerikeni. Nilitaka pia kupendekeza Tozo ya Matengenezo ya Ziwa, lakini nawajua: mngeiongeza juu ya ile ya barabara. Basi sijapendekeza kitu.

Wako mtiifu,
Mlipa barabara, Dunga.

Nakala: Bodi ya Barabara ya Kenya, inayosimamia fedha hizo. Wakitaka kuja kukagua kazi, wafike na jaketi za kuokolea maisha na petroli ya kurudia, kwa sababu bei yenu inaishia kwenye pampu na kisiwani jerikeni ina bei yake.